Wimbo Usimame Mutu Akiwa Ndani ya Maji

Ninyi wa piano, ninyi wa gitare, na wewe unayeimbia katika mikro kama mutu anayetaka kuilamba: mukae. Muliniomba niwaambie namna tulivyokuwa tunaongoza nyimbo katika kanisa letu hili la Kibatisti, na mimi mutu akinifungulia mulango wa maneno sitoki haraka. Muke wangu anajua. Leo asubuhi aliniambia, "Gedeoni, usiwachoshe watoto wa watu." Nikamujibu kwamba watoto wa watu wamenichosha mimi miaka mingi na bafle zao, sanduku hizi za sauti, leo ni zamu yangu.

Basi. Mimi ni Papa Gedeoni. Nimeongoza korali hii tangu nikiwa kijana mwenye nywele mpaka nimekuwa huyu munayemuona. Kazi yangu ilikuwa kuinua wimbo: unasimama mbele, unatoa sauti ya kwanza peke yako, kisha watu wote wanaingia. Nitawaambia mambo mengi. Mengine yatawasaidia, mengine nitayasema tu kwa kuwa nayapenda. Lakini moja ndilo nataka muende nalo nyumbani: namna kanisa hili lilivyokaribia kukatwa vipande viwili kwa sababu ya muziki, na namna mama mumoja alivyosimama katika ziwa, macho yamefungwa, akingojea wimbo.

Nianze na koo. Aliyenifundisha kazi hii ni Muzee Anselme, mutu wa Kalengera, Mungu amupumzishe. Alikuwa mufupi, na sauti yake haikuwa nzuri hata kidogo. Ilikuwa inakwaruza. Lakini akiinua wimbo, kanisa zima linaimba, hata papa yule wa mulangoni anayekuja kuangalia tu. Mimi nilikuwa na sauti tamu, na nilijijua, kwa sababu wasichana walikuwa wamekwisha kuniambia. Jumapili ya kwanza aliponiachia kazi, niliupandisha wimbo juu kabisa, pale koo langu lilipopenda. Mustari wa kwanza watu wakafuata. Wa pili wakaanza kunyoosha shingo. Wa tatu, mama yangu weee! Wamama walikuwa wanacheka ndani ya vitenge vyao, papa mumoja wa mbele alibaki kinywa wazi bila kutoa kitu, na mimi peke yangu huko juu nalia kama jogoo.

Ibada ilipomalizika Muzee Anselme hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mama gani amechoka kupita wote leo?"

Nikasema sijui.

"Basi umeanza bila kuangalia. Kabla ya kufungua kinywa, pitisha macho kwenye benchi zote. Tafuta mama aliyechoka kupita wote, yule aliyetoka mbali kwa miguu, yule aliyelala njaa. Anza wimbo pale yeye anaweza kufika. Wenye nguvu watajisaidia."

Leo muna mashine ya kuwapa noti ya kuanza wimbo. Ni vizuri, mimi siipingi. Lakini mashine haijui nani ametembea kutoka Mugunga asubuhi hii. Angalieni benchi kwanza.

Jambo lingine, ngoma. Nasikia munaiita muziki ya wazee, muziki ya desturi. Nacheka mpaka mbavu zinauma. Nilipokuwa kijana, ngoma ilikuwa inje ya kanisa! Ndani kulikuwa kitabu cha nyimbo na sauti nne, basi. Sisi ndio tuliiingiza, na wazee wa wakati ule walituambia tunaleta dansi ya arusi mbele ya Bwana. Papa mumoja alikuwa anatoka kila tukiipiga. Anasimama inje juu ya mawe ya volkano, mikono nyuma, tukinyamaza anarudi kwenye benchi yake. Alifanya hivyo muda murefu. Siku moja nikachungulia dirishani, nikaona muguu wake unapiga chini, taratibu, kwa mwendo wetu. Nikawaambia wenzangu, "Huyu tumemupata." Kwa hiyo munaponiita mutu wa zamani, mukumbuke kwamba nami niliitwa muharibifu.

Na ngoma yenyewe muitunze, tafadhali. Ni ngozi ya ngombe, na asubuhi za hapa zenye ukungu zinailegeza, ukiipiga inatoa sauti ya godoro. Iwekeni juani kabla ya ibada. Kama hakuna jua, iwekeni karibu na makala ya moto. Nimesema karibu. Mimi niliwahi kuiweka karibu mno nikaenda kusalimia watu, na Jumapili ile kanisa lote lilinukia nyama ya kuchoma. Pasta alilalamika kwamba hakuna aliyesikiliza mahubiri, watu wote walikuwa wanawaza chakula.

Sasa tuende kwenye maji.

Sisi Wabatisti hatunyunyizi. Mutu anazamishwa muzima, na hapa kwetu anazamishwa katika ziwa. Wimbo wa maji munaujua. Wamama wa Masisi waliteremuka nao kutoka milimani: "Ninaingia, unishike. Ninatoka, ungali umenishika." Maneno ni hayo tu, yanazunguka. Lakini kuuongoza si kazi ya kila mutu, na Muzee Anselme alinifundisha hivi. Mutu akitembea kumufuata pasta majini, munaimba polepole, kwa mwendo wa miguu yake, si kwa mwendo wenu. Mawe ya kule yana utelezi. Akisita, wimbo unasita. Pasta akiinua mukono, munajitayarisha. Mutu akienda chini, wimbo unasimama. Papo hapo, hata katikati ya neno. Kanisa lote linashika pumzi pamoja naye. Anapotoka, muinuaji anatupa mustari wa kwanza peke yake, ndipo vyote vinaingia: ngoma, makofi, vigelegele. Na mutu yeyote asiingie mbele ya muinuaji kuanza. Kwa jambo hilo nilikuwa mukali kabisa, hata wapiga ngoma walikuwa wananiogopa.

Nilimuuliza Muzee Anselme kwa nini tunanyamaza. Akasema, "Kule chini yeye hawezi kuimba. Sisi tutaimba namna gani bila yeye? Tumungojee."

Kungojea. Hapo ndipo taabu yetu ilianzia, piano ilipofika.

Espérance, huyu anayewaongoza leo na ambaye amekaa pale anajifanya hanisikii, alirudi kutoka masomo akiwa amebeba piano ndogo ya umeme mugongoni kama mama anavyobeba mutoto. Alijua kuicheza, nisiseme uongo. Mara ya kwanza alipogusa zile funguo, nilisema kimoyomoyo, sasa mbinguni watatusikia vizuri. Vijana walijaa. Hata wale waliokuwa wamepotelea kwenye makanisa yenye bafle kubwa walirudi.

Lakini piano ile ilikuwa na ngoma ndani yake. Unabonyeza, inaanza: tu-ka-tu-ka, tu-ka-tu-ka, haichoki, haipumui. Nyimbo zetu zina mahali pa kupumua. Mwisho wa kila mustari wamama wanavuta pumzi, aliyechelewa anafika, ndipo tunaendelea wote. Mashine haikuwa na habari. Vijana wako mustari wa tatu, wamama wako wa pili, na mimi katikati napunga mikono kama polisi wa barabarani siku ya soko. Kidogo kidogo wamama wakaanza kukaa chini wakati wa wimbo. Na munajua, mama akikaa na mikono juu ya magoti na kunyamaza, huyo hajachoka. Huyo amekasirika.

Wazee wakasema vijana wanaleta kelele. Vijana wakasema wazee wanavuta wimbo kama kamba ya kisima. Kila Jumapili kisha ibada, pale mulangoni, maneno.

Ndipo shemasi Célestin, rafiki yangu, mutu muzuri lakini wa haraka, alipoleta dawa yake. Alisimama katika mukutano wa kanisa akasema, "Wandugu, tutenge. Saa moja ibada ya wazee na ngoma yao. Saa tatu ibada ya vijana na piano yao. Kila mutu atafurahi, na sisi mashemasi tutapumzika."

Na watu wakaitika kwa kichwa! Wazee wakaitika, vijana wakaitika. Kwa mara ya kwanza mwaka ule walikuwa wamepatana.

Mimi sikuitika. Munajua inchi yetu hii. Mutu anaulizwa ametoka mulima gani mbele ya kuulizwa jina. Watu wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena, kila mutu na upande wake. Na benchi zetu zilikuwa mahali ambapo mama wa Rutshuru, mama wa Masisi na mama wa Butembo wanagusana mabega na kuimba, bila kuulizana kitu. Nilikuwa nimetumia maisha yangu yote kwa jambo hilo moja, watu hawa wote kuvuta pumzi pamoja. Na sasa tutengane kwa sababu ya tu-ka-tu-ka? Nilisimama nikasema hivyo, kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa. Muke wangu alinivuta koti.

Pasta wetu wa wakati ule alikuwa mutu wa maneno machache. Alisema, "Ubatizo unakaribia. Muufanye pamoja, muziki wote, watu wote. Ikiwezekana, tunabaki na ibada moja. Ikishindikana, Jumapili inayofuata tunaanza mbili." Akafunga kwa maombi, watu wakatoka.

Siku ile ile Mama Vumilia akanifuata. Wengi wenu hamukumujua vizuri, basi niwaambie. Alitoka milima ya Masisi, mwanamuke wa ngombe na wa mashamba. Vita vilimuteremusha, akakaa katika kambi ya Mugunga chini ya shiti ya plastiki, kisha akapata chumba karibu na kanisa, yeye na mujukuu wake. Aliimba kupita wote. Ule wimbo wa maji, yeye na wenzake ndio waliotuletea. Lakini yeye mwenyewe hakuwa amebatizwa! Miaka yote alikuwa anawaimbia wengine akiwa amesimama mbali na ukingo, ameshika kitenge chake. Ziwa lilimutisha. "Maji ya kunywa nayajua," alikuwa anasema. "Maji ya kuingia siyajui."

Siku ile alinishika mukono. "Papa Gedeoni, tangu piano ifike, wimbo unanipita. Nikifungua kinywa, umekwisha kwenda. Na sasa munagawana. Mujukuu wangu ataimba saa tatu, mimi nitaimba saa moja. Tutaonana wapi?"

Hakungojea nijibu.

"Andika jina langu kwa pasta," akasema. "Nataka nibatizwe tungali pamoja. Lakini sikia vizuri. Mimi nitafunga macho. Nitayafunga hapo kwenye ukingo, na sitayafungua mpaka nisikie wimbo. Wimbo ndio utaniambia kwamba nimetoka. Usinichelewe, Papa."

Nikamuahidi. Niliahidi kwa wepesi kabisa, kwa sababu tangu Jumapili ile ya jogoo sikuwa nimewahi kukosa kuinua wimbo.

Repetisio ya kwanza, mazoezi ya ubatizo ule, tuliifanya ndani ya kanisa. Benchi ndefu ilikuwa ziwa. Tukahitaji mutu wa kuzamishwa, nikasema, "Célestin ndiye anayetaka kutugawa, azamishwe yeye." Watu wakacheka, naye akakubali, akavua koti. Tukaanza. Wamama wakaimba, piano ikaingia, tu-ka-tu-ka, Célestin akatembea, pasta akainua mukono, Célestin akalala nyuma ya benchi. Wimbo ukasimama. Wamama kimya. Mimi kimya. Na piano: tu-ka-tu-ka, tu-ka-tu-ka, pamoja na gitare na vijana wote wanapiga makofi, hawana habari. Kutoka nyuma ya benchi tukasikia sauti ya Célestin: "Wandugu! Mimi nimekwisha kufa huku, na ninyi munacheza?"

Tulicheka mpaka machozi. Espérance peke yake hakucheka. Alizima piano.

"Papa, nikiikata katikati, wenzangu watapotea. Wamezoea kuifuata."

"Na ukiiacha, wamama watapotea."

"Sasa unataka nifanye je? Niirudishe nyumbani?"

Na mimi, kichwa changu kikiwa moto, nikasema, "Pengine." Musichana akaifunga piano katika kitambaa chake, akaibeba, akatoka. Célestin alinitazama huku anapangusa vumbi kwenye magoti. Macho yake yalisema: saa moja, saa tatu.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Vumilia kumuambia kwamba mambo yameharibika. Nilipofika karibu na mulango wake nikasikia wimbo wa maji. Nikachungulia. Mama Vumilia amekaa juu ya mukeka anapukuchua maharagi, na mbele yake Espérance naye anapukuchua, vibaya, maharagi mengine yanaruka inje ya sahani. Mama anaimba, musichana anafuata. Akikosea, Mama anamupiga kidogo kwenye goti na ganda la haragi. Hawakuniona. Niligeuka nikarudi kwangu polepole, na sikumuambia mutu, hata muke wangu.

Repetisio iliyofuata Espérance alikuja na piano. Akageuza kiti chake. Siku zote alikuwa anatazama vijana wenzake, sasa akawapa mugongo, akatazama wamama.

"Ngoma ya ndani nimeilaza," akasema. "Wimbo wa kuingia majini nitaushikilia tu chini, kwa mukono wa kushoto. Nitafuata mabega yao."

"Mabega ya nani?"

"Ya wamama. Mabega yakipanda, wanavuta pumzi. Yakishuka, wanaimba. Mama Vumilia ndiye amenionyesha."

Ee! Miaka yote ile mimi nilikuwa naangalia vinywa. Kinywa kinakuambia wakati mutu amekwisha kuanza, bega linakuambia mbele hajaanza. Nilijifunza jambo hilo nikiwa na mvi, kutoka kwa musichana ambaye nilimufukuza siku chache zilizopita. Muliandike ninyi munaoandika.

Lakini Espérance naye alikuwa na sharti lake. "Mutu akisha kutoka majini na wewe ukisha kututupia mustari wa kwanza, Papa, usitupunguze. Hapo utuachie. Baterie, zile ngoma zetu za vijiti, gitare, yote. Tuende haraka."

"Wamama watachoka," nikasema.

Mama Vumilia akajibu kutoka benchi yake, bila hata kusimama, "Papa Gedeoni, mutu akisha kutoka katika maji yale, hata mimi nitaruka."

Basi nikashindwa, na nilifurahi kushindwa. Tulijaribu hivyo: kuingia kwa mwendo wa wamama, piano ikinong'ona chini yao. Kisha kimya. Kisha sauti moja, na vijana wanalipuka. Tulimaliza wote kwa mara moja. Mama mumoja wa kutoka Butembo, ambaye alikuwa hajamusalimia mupiga baterie tangu baterie ile ifike, akamuuliza kama amekula.

Siku ya ubatizo tulishuka ziwani asubuhi. Bafle, batri ya gari na ngoma vilipakiwa juu ya chukudu ya mbao, magurudumu yake mawili yanalia, na mwenye chukudu, ambaye hakuwa hata mutu wa kanisa letu, aliimba njia yote. Célestin alikuwa ametangulia majini pamoja na pasta, kwa sababu kila anayezamishwa anashikwa na wawili. Tulikuwa tumekubaliana hivi: tukimaliza wote wa kubatizwa bila kugongana, pasta atatangaza palepale majini kama ni ibada moja au mbili.

Wa kwanza akaenda vizuri. Wa pili vizuri. Mama Vumilia alikuwa anawapisha wote. "Wewe tangulia, mutoto wangu. Na wewe, tangulia, usiogope." Mpaka wakaisha, akabaki yeye, ndani ya kanzu nyeupe iliyomushinda urefu. Akafunga macho pale pale kwenye ukingo, kama alivyosema. Célestin akaja kumushika mukono.

Tukaimba. Maji yalipomufika magotini, akasimama. Wamama wakasimama naye juu ya neno lile lile, "unishike", wakalivuta, wakalivuta, na piano chini yao ikaushikilia ule mulio, haisukumi. Nilimutazama Espérance. Macho yake hayakuwa kwenye funguo, yalikuwa kwenye mugongo wa Mama Vumilia. Mugongo ukapanda, ukashuka. Mama akapiga hatua, na wimbo ukapiga hatua pamoja naye.

Pasta akainua mukono. Mama akaenda chini.

Kimya. Nawaambia, hata mutoto hakukohoa. Mawimbi madogo tu kwenye mawe meusi.

Akatoka. Nilikiona kitambaa cha kichwa chake kinatoka majini, kimemung'ang'ania kichwani, na uso wake mudogo wa kizee unamwaga maji. Ilikuwa zamu yangu. Nikafungua kinywa.

Hakuna kitu kilichotoka.

Sijui niwaambie namna gani. Nilimuona yeye, nikamukumbuka Muzee Anselme, nikazikumbuka benchi zetu, na watu wote wale kwenye ukingo, wazee na vijana, wameshika pumzi moja, na koo langu likafungwa. Machozi yakaja mahali pa wimbo. Niliinua mikono, nikajaribu tena. Upepo tu.

Na hakuna aliyeingia, kwa sababu mimi niliwafundisha wasiingie mbele ya muinuaji! Mupiga ngoma amebaki na mukono hewani. Mupiga gitare ananitazama. Walikuwa watiifu, watoto hawa, siku ile ile ambayo ningetaka wasiwe.

Mama Vumilia alikuwa amesimama majini, macho yamefungwa kabisa, mikono inapapasa mbele yake.

"Bado?" akauliza. Kulikuwa kimya hata tulimusikia wote. "Niko chini bado?"

"Umetoka, Mama," Célestin akamuambia.

"Hapana. Sijasikia wimbo."

Akaanza kutetemeka. Nilimuona pasta anageuka kunitafuta, na nikajua kwamba nimemuchelewa Mama. Alikuwa ameniomba jambo hilo moja tu.

Espérance alinitazama. Akaelewa. Akaondoa mikono kwenye piano, akasimama. Na mbele ya kufungua kinywa, nawaambia ukweli, nilimuona anapitisha macho kwa watu wote, polepole, benchi kwa benchi ingawa hapakuwa na benchi, anatafuta yule aliyechoka kupita wote. Alimukuta ndani ya maji. Munajua sauti yake, inapenda kukaa juu, ni nyembamba na tamu. Aliiacha huko juu. Alishuka chini, chini kabisa, mahali ambapo sauti yake si nzuri hata kidogo, na akainua wimbo pale.

"Ninatoka, ungali umenishika."

Ilikwaruza.

Mama Vumilia akafungua macho. Akatazama anga, akatazama ziwa, akatutazama sisi, na akacheka kama musichana. Ndipo baterie ikaingia, na ngoma, na gitare, na piano, na vigelegele vya wamama juu ya vyote, na Mama Vumilia akaruka! Ndani ya maji, na kanzu ile! Célestin aliyekuwa amemushika akateleza, akaenda chini muzima, akatoka anatema maji na anaimba. Wamama wanasema mpaka leo kwamba yeye ndiye Mubatisti peke yake aliyebatizwa mara mbili.

Pasta hakutangaza mara moja. Aliwangoja wamama wamalize, kisha akasema, "Jumapili, saa tatu. Wote." Na wa kwanza kusema amina alikuwa Célestin, nguo zinachuruzika.

Huwa munaniuliza kwa nini niliacha kazi, na mimi nawajibu magoti, nawajibu koo, nawajibu muke wangu alichoka nami. Leo nimewaambia. Siku ile vijana na wazee walipokuwa wanaimba haraka namna ile, mimi nilikuwa bado nimesimama mbele, mikono juu, naongoza watu ambao hawakuwa tena na haja ya kuongozwa na mimi. Nikaishusha ile mikono. Nikaenda nikasimama katikati ya wamama, na Mama Vumilia aliyelowa akaja akasimama kando yangu, anatetemeka kwa baridi, mujukuu wake anamufunika kitenge. Nikatazama mabega yao. Yalipopanda, nikavuta pumzi pamoja nao, na sauti yangu ikarudi, nikaitikia.